Vituo Vinane kwa Tiketi Moja

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba nalionea haya, la hasha. Sheria inataka mtu akilitaja jina la nchi asimame wima, mikono ubavuni, na mimi naandika nikiwa nimekaa, kwa kuwa magoti yangu ni ya mwanamke wa miaka sitini na mbili. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, nawe msomaji uendelee kukaa.

Katika nchi yetu mambo ni mazuri. Nalisema hilo mapema lisije likasahaulika huko mbele.

Barua ilitufikia siku ya Jumanne. Aliileta karani wa mtaa mwenyewe, kwa mikono miwili, akaondoka bila kunywa hata maji. Ilisema kwamba mimi, Mwanahawa binti Kheri, na mume wangu, Shomari Mwinyikombo, fundi mwashi mstaafu, tumepata bahati ya kuteuliwa kushiriki Ziara ya Pamoja ya Kumbukumbu za Jiji Kuu: vituo vinane vya kihistoria, siku moja, tiketi moja. Ziara ni ya hiari. Asiyefika atafuatwa.

Nilifurahi sana. Nilifurahi hadi nikakaa juu ya ndoo bila kuangalia kama ina maji. Majirani nao walifurahi. Bi Hidaya wa nyumba ya pili alileta sahani ya maandazi, akanishika mikono, akabubujikwa na machozi, akaniuliza kama nimekwisha kuwaaga watoto. Bwana Mgaza, ambaye hatukuwa tukisalimiana tangu ule ugomvi wa mfereji wa maji machafu, alikuja kumwomba mume wangu radhi. "Lolote nililokukosea, Fundi, nisamehe," alisema, akiwa ameshika kofia yake kifuani.

Msomaji asishangae. Mwaka uliotangulia, mtaa wetu ulitoa watu watano kwenda ziara. Walirudi watatu. Wale wawili, tuliambiwa, walizipenda kumbukumbu hizo mno wakaamua kubaki nazo.

Shida yangu ilikuwa mume wangu. Shomari si mtu mbaya, lakini amejenga kwa miaka arobaini, na hawezi kupita mbele ya ukuta uliopinda akanyamaza. Siku ya harusi ya binti yetu Riziki alimwambia mkwewe, mbele ya wageni, kwamba sebule ile ilijengwa na mtu aliyefumba macho. Misibani, wenzake wanainamisha vichwa, yeye anaangalia kenchi za paa.

Asubuhi ya safari, tukiwa tunavaa, nilimwambia, "Baba Riziki, leo hakuna kuta."

"Hakuna kuta vipi, na tunakwenda kutazama majengo?"

"Utatazama, lakini hutaona."

"Mama Riziki, mimi nina macho."

"Basi kuwa na macho, mdomo uuache hapa nyumbani. Niahidi."

Akaniahidi. Kisha akafunga kifungo cha juu kabisa cha shati, kile ambacho hakukifunga hata siku aliponioa, nikajua kwamba naye anaogopa.

*

Tulikuwa watu thelathini na wanne, kila mmoja na kadi shingoni yenye jina na mtaa wake, ili tusipotee. Kiongozi wa ziara alikuwa msichana aitwaye Tumsifu. Alikuwa na kipaza sauti mkononi, na tabasamu ambalo halikushuka hata alipokuwa akikohoa. Kwenye kiti cha nyuma kabisa alikaa Afande Mahimbo wa Idara ya Utulivu, mtu mwembamba mwenye suti ya kijivu na daftari. Alitusalimu vizuri, mmoja mmoja, na kila tulipoitikia aliandika.

Nyuma ya basi letu lilifuata basi dogo lenye mapazia.

"Ndugu wananchi," Tumsifu akasema, "serikali yenu inawapenda! Inajua kwamba ziara ni ndefu na binadamu huchoka. Atakayechoka atahamishiwa kwenye lile basi la nyuma, Basi la Waliochoka, akapumzike. Dalili za kuchoka ni nne. Kuuliza swali. Kutikisa kichwa kulia na kushoto. Kucheka mahali pasipo na kibao cha kucheka. Na kuguna."

Mzee mmoja wa kiti cha mbele akaguna.

Afande Mahimbo akainua kalamu. Yule mzee, kwa akili ya ajabu, akaligeuza guno lake kuwa kikohozi, akakohoa bila kupumzika hadi tulipovuka taa za pili za barabarani. Kalamu ikashuka. Nikauona mgongo wa shati la mzee ukiwa umelowa chapachapa.

*

Kituo cha kwanza kilikuwa Ngome ya Babu.

Tumsifu alitueleza kwamba miaka mia nne iliyopita, babu wa babu yake Kiongozi wetu alizuia meli arobaini za wavamizi mahali hapo, akiwa peke yake, akiwa na homa. "Na kuta hizi, ndugu wananchi, zilijengwa kwa mawe ya baharini, asali na maziwa ya simba!"

Tukapiga makofi. Makofi yalikuwa na muda wake: dakika moja kwa ngome, dakika mbili kwa nyumba za kuzaliwa.

Nilihisi mkono wa mume wangu ukikakamaa. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ukuta, akiupapasa taratibu kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe wake aliyepotea.

"Mama Riziki," akaninong'oneza.

"Nyamaza."

"Huu ukuta wangu."

"Nakuomba Shomari, nyamaza."

"Tuliujenga mimi na marehemu Mwarami, mwaka ule wa mvua kubwa. Tuliambiwa ni ghala la mbolea. Angalia pale chini ya dirisha, Mwarami aliandika kwa msumari simenti ikiwa mbichi."

Nikaangalia. Kwa kweli palikuwa pameandikwa: MWARAMI HAJALA LEO.

"Na hayo," Tumsifu akasema, akipaonyesha mahali palepale, "ni maandishi ya kale ambayo wataalamu wetu wameyasoma kwa miaka sita. Wamegundua kwamba Mwarami alikuwa shujaa aliyeapa kutokula mpaka taifa likombolewe!"

Tukampigia Mwarami makofi. Mume wangu alipiga makofi machozi yakimtoka. Afande Mahimbo aliandika kitu, na kwa uso wake nilidhani ni kitu kizuri.

Hapo ndipo Mwalimu Chitemo aliponyanyua mkono. Alikuwa mstaafu, alifundisha historia miaka thelathini, na nadhani mkono ulinyanyuka wenyewe kwa mazoea. "Samahani, binti. Miaka mia nne iliyopita simenti ilitoka wapi?"

Tabasamu la Tumsifu lilibaki palepale, ila macho aliyafumba. Afande Mahimbo alikuja bila haraka, akamwekea mwalimu mkono begani kama ndugu yake.

"Mwalimu, umechoka."

"Sijachoka hata kidogo."

"Umechoka sana, mwalimu. Twende."

Wakaenda. Pazia la basi dogo likafunguka kidogo, likafungwa. Nilifurahi kwamba mwalimu amepata nafasi ya kupumzika. Mikono yangu ilitetemeka kwa furaha hiyo mpaka kituo cha pili.

*

Kituo cha pili, cha tatu na cha nne ni nyumba ambamo Kiongozi wetu alizaliwa. Alizaliwa katika nyumba tatu, katika wilaya tatu, siku moja, kwa ajili ya umoja wa kitaifa. Kila nyumba ina kitanda chake na mkunga wake aliyekata kitovu, na kila mkunga analia akisimulia. Nyumba ya tatu rangi ilikuwa bado mbichi, mume wangu akatoka na mkono wa shati wenye buluu.

Katika nyumba hizo mgeni hutakiwa kutoa machozi. Afande Mahimbo alipita mstarini na kitambaa cheupe, akitugusa mashavu. Wengine walikuwa wakihangaika, wakijifinya mapaja. Mimi sikupata taabu. Nilikuwa nikilitazama basi dogo kupitia dirishani, na machozi yalikuja yenyewe, mengi. Nilipewa alama ya Vizuri Sana.

Kituo cha tano ni Saa ya Ukombozi. Ilisimama saa tatu na dakika kumi asubuhi, wakati uleule Kiongozi alipochukua nchi, na haijathubutu kusogea tangu hapo. Mgeni akifika hurekebisha saa yake ilingane nayo. Chakula chetu kilipangwa saa saba. Kwa kuwa ilikuwa saa tatu na dakika kumi, hatukula, na tulipoondoka pale, jua likiwa limeshaanza kushuka, ilikuwa bado saa tatu na dakika kumi.

Kituo cha sita, Bunge la Zamani. Wabunge wa kale wamefinyangwa kwa plasta, wamekalishwa kwenye viti vyao, na vichwa vyao vimewekwa juu ya springi. Mlango ukifunguliwa, upepo unaingia, na wote mia moja wanaitikia kwa vichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mama mmoja muuza mboga aliangua kicheko. Hapakuwa na kibao cha kucheka. Alipokuwa akipelekwa, dada yake akapiga ukelele, naye akaonekana amechoka. Shemeji yao akatikisa kichwa. Tulipotoka mle ndani tulikuwa pungufu, na hakuna aliyegeuka kuhesabu.

Kituo cha saba ni Kisima cha Maoni. Hapo mwananchi huinama akasema maoni yake yoyote ndani ya kisima, kwa uhuru kamili, kisha kifuniko kinarudishwa. Shomari alipoinama nilimshika mkanda wa suruali nikamvuta nyuma.

"Asante," akasema ndani ya kisima, basi.

Nilipoinama mimi, nilisikia mtu huko chini akipiga chafya. Nikamwambia afya njema, nikaondoka.

*

Kituo cha nane, cha mwisho, ni Mnara wa Shukrani.

Mnara huu ulikamilika miezi miwili kabla ya ziara yetu, lakini ulikuwa umetangazwa kuwa wa kihistoria tangu msingi ulipochimbwa, ili historia isichelewe. Ngazi mia tatu. Kila mgeni alitakiwa kupanda hadi juu, kulitazama jiji, kushukuru, na kutia saini kwenye kitabu kilichoko kileleni. Tulikuwa tumebaki watu ishirini na watano. Nilipouona mnara ule nilishusha pumzi. Nilijiambia, ngazi tu, Mwanahawa. Ngazi halafu nyumbani.

Nikageuka kumtafuta mume wangu. Alikuwa amechuchumaa chini ya mnara.

Alipitisha kidole kwenye ufa uliouzunguka ukuta kama mkanda. Akakwangua zege kwa ukucha, likamwagika kiganjani kama unga. Akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Mchanga wa baharini, haukuoshwa. Nondo za ndani zimekwisha kuliwa na kutu." Akaweka sikio ukutani. "Njoo usikilize."

Sikutaka, lakini niliweka sikio. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, ka, ka, ka, kama mtu anayejivunja vidole.

"Unaanguka, Mama Riziki."

"Lini?"

"Wenyewe, labda wiki hii. Watu hawa wote wakipanda kwa pamoja, leo."

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema popote. Niliona hasira, tena hasira kali, si kwa waliojenga mnara bali kwa mume wangu, kwa kuwa na macho yale. Nikamwambia hivi: "Sikiliza. Nitasema magoti yangu yanauma. Wewe utabaki kunishika. Tutakaa hapa chini sisi wawili, mbali kidogo, na hao wengine wapande. Hatukuujenga sisi."

Shomari alinitazama. Hakunikaripia. Alielekeza kidevu tu kwa Tumsifu, aliyekuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, tabasamu lake mahali pake, akitupungia mkono tumfuate.

"Ana umri wa Riziki," akasema.

Kisha akasimama, akafungua kile kifungo cha juu, akaita kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia juu ya majukwaa ya ujenzi, sauti ya kuwafikia watu ghorofa ya nne: "Hakuna kupanda! Shukeni! Mnara huu unaanguka!"

Watu waliganda. Tumsifu aliganda na mguu wake hewani. Afande Mahimbo alikuja bila haraka kama kawaida yake.

"Fundi," akasema kwa upole, "mnara huu hauanguki."

"Kwa nini hauanguki?"

"Kuna sheria ndogo namba kumi na saba. Inakataza."

"Mnara umeisoma?"

Afande akalifungua daftari, akalifunga tena. "Mzee wangu, umechoka."

"Nimechoka, kweli kabisa. Nipeleke kwenye basi, sitabishana. Lakini watu hawa wasipande. Weka kidole chako hapa uone mwenyewe."

Afande hakuweka kidole. Alimshika mume wangu mkono wakaenda, na mlango wa basi dogo ukafunguka, na pazia likachezacheza, na mimi nikabaki nimesimama na mkoba wa Shomari mkononi.

Sijui nani aliunyanyua mkono wangu. Nilipoutazama ulikuwa juu.

"Afande," nikasema, "naomba kuuliza swali."

"Swali gani, mama?"

"Lolote."

Alisoma jina kwenye kadi yangu ya shingoni. "Mama umechoka," akasema.

"Sana, mwanangu."

Nilipokuwa nikitembea kwenda basi dogo nilisikia nyuma yangu mtu akiguna. Alikuwa yule mzee wa kikohozi. Safari hii hakukohoa. Aliguna tena, kwa sauti, kama fahali, akaacha mstari. Mwanamke mmoja akatikisa kichwa, kulia na kushoto, polepole, ili aonekane vizuri. Kijana mmoja na mkewe wakajilazimisha kucheka, kicheko kibaya kikavu, wakashikana mikono wakatufuata. Mmoja baada ya mwingine. Mwishowe pale chini ya mnara alibaki Tumsifu peke yake. Alikitazama kipaza sauti chake. Lile tabasamu likashuka, na uso uliobaki ulikuwa wa mtoto.

"Nami nimechoka," akasema ndani ya kipaza sauti, na jiji lote hadi sokoni likasikia.

*

Basi dogo lina viti kumi na vinne. Waliobaki walipanga foleni nje, wakisubiri kwa utaratibu kuchukuliwa kwa kosa lao. Mume wangu alikuwa dirishani, karibu na Mwalimu Chitemo, na mimi nilisimama chini ya dirisha lake.

Afande Mahimbo alibaki na daftari. Hakuna kanuni iliyosema afanye nini wakichoka wote. Lakini ilikuwapo kanuni nyingine, naye aliijua kwa moyo: kila kituo lazima kitiwe saini kitabuni, la sivyo ziara haikukamilika, na afisa ambaye ziara yake haikukamilika huulizwa kwa nini. Alikuja hadi dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitembea haraka.

"Fundi. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kama ni mtu mmoja tu? Mimi si mzito."

"Usipande, mwanangu."

"Nisipopanda nikawaambie nini?"

"Waambie umechoka."

Midomo yake ilitaka kucheka, haikuweza. "Fundi, mimi najua basi hili linakokwenda. Nimelisindikiza miaka saba."

Akafunga vifungo vya koti lake la kijivu. Akanikabidhi daftari nimshikie, kama mtu anayekwenda mara moja tu kunawa mikono. Akapanda.

Mnara ulikuwa na vidirisha, na tulimwona akipita kwenye kila kimoja. Mume wangu alikuwa akivihesabu kwa sauti ya chini. Kwenye cha tano alisimama kupumua. Kwenye cha nane hatukumwona, tukadhani amegeuka, na mtu mmoja kwenye foleni akasema alhamdulillahi. Kisha akatokea juu kabisa, mdogo, akiinamia kitabu.

Nadhani saini aliiweka. Mnara ulipiga magoti kwanza, kama ngamia. Ukakaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu ukaingia ndani yake wenyewe, na vumbi likaja likatufunika wote, na ndani ya vumbi hakuna aliyelia wala kupiga kelele, kwa kuwa mchana kutwa tulikuwa tumezoea kunyamaza.

Niliyemwona kwanza vumbi lilipopungua alikuwa Shomari. Alikuwa ameshatoka basini, yuko juu ya kifusi, anachimba kwa mikono. Mwalimu Chitemo akamfuata, na mzee wa kikohozi, na mama muuza mboga. Walichimba mpaka malori ya Idara yalipofika na kutuamuru tuondoke. Kucha tatu za mume wangu zilikuwa zimeng'oka. Dereva wa basi dogo alisimama kando, mweupe kwa vumbi, akafungua milango yote miwili.

"Nendeni nyumbani," akatuambia. "Mimi sikuwaona."

*

Tulioga, tukavaa nguo safi, tukakaa kitandani kungoja kukamatwa. Daftari lile nililitia jikoni motoni bila kulifungua. Siku ya nne tuliitwa.

Karani aliyetupokea alikuwa mpole kupita kiasi. Alituwekea fomu mbele. Ilisema kwamba sisi tuliotajwa hapo chini tunathibitisha kuwa Ziara ya Pamoja ina vituo saba, na imekuwa na vituo saba tangu zamani. Kwamba Jiji Kuu halijawahi kuwa na Mnara wa Shukrani. Na kwamba katika ziara yetu hapakuwa na afisa yeyote aitwaye Mahimbo, wala serikali haijapata kumwajiri mtu wa jina hilo.

"Na kwa kuwa mnara haukuwapo," karani akasema, akitabasamu, "nyinyi hamkukataa kuupanda. Hamna kosa lolote. Hongereni sana."

"Na kile kifusi?" mume wangu akauliza.

"Kifusi kipi?"

"Pale uwanjani."

"Ah, kile ni kilima cha asili, mzee. Kimepandwa nyasi. Kuchimba kilima cha asili ni kosa la mazingira, nadhani unajua."

Shomari alishika kalamu kwa muda mrefu, vidole vyake vikiwa na bandeji. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Alitia saini. Nami nikatia. Tulirudi nyumbani, na jioni ile hakula.

Wiki mbili zikapita. Alasiri moja Shomari yuko uani anaziba ufa wa banda la kuku, nikasikia hodi. Mlangoni alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, amejitanda khanga, na chini ya khanga amebana kitu bapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Siwema. Namtafuta mume wangu." Akatoa picha ya fremu, akaigeuza. Suti ya kijivu. "Aliondoka kwenda kazini asubuhi ya ziara. Ofisini kwake wananiambia hawajapata kumwajiri mtu kama huyu. Wamenipa fomu nitie saini kwamba sijawahi kuolewa."

Nilishika ukingo wa mlango.

"Nimepewa majina ya mitaa na mtu mmoja aliyekuwamo kwenye ziara. Nimekwenda nyumba nne. Kote wanasema hawakumwona. Mama, mimi sitaki kumshitaki mtu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mke wa mtu aliyesafiri hukaa mlangoni akisubiri. Mke wa mtu aliyekufa hukaa eda. Mimi nikae wapi?"

Nilimtazama viatu, nikamtazama mikono, nikatazama barabarani nyuma yake kama kuna gari. Idara ina wanawake wengi wanaojua kulia, na picha hata mimi naweza kuitia kwenye fremu. Uani, mwiko wa Shomari ulikuwa umeacha kukwangua. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa ameniachia mimi.

"Sikumwona," nikasema.

"Haya, mama. Samahani kwa kukusumbua." Hakulia. Aliirudisha picha chini ya khanga, akaifunika vizuri pembe zote nne, kama mtu anayemkinga mtoto na upepo, akageuka.

Alikuwa amefika kwenye ngazi ya mlango wa jirani, anainua mkono kupiga hodi ya nyumba ya sita.

"Siwema," nikaita.

Akageuka.

"Rudi. Ingia ndani."

Nikafunga mlango, nikatia komeo, nikamwekea kiti. Nami nikakaa, mbele yake, karibu, magoti yetu yakagusana.

"Kaa eda, mwanangu," nikamwambia. "Mumeo yuko chini ya kile kilima."